Wakili Aliyejua Kusoma Daftari

Watu wengi hudhani kuwa wakili wa kesi za ulaghai ni msemaji hodari tu. Ufasaha unahitajika, sikatai, lakini aghalabu kesi hizo huamuliwa katika daftari za hesabu.

Chukua kesi ya Whitaker Wright, iliyosikilizwa London Januari 1904. Bwana huyu aliuza hisa za makampuni ya migodi, akajenga jumba kubwa Surrey lenye chumba cha kioo chini ya ziwa. Mwenyekiti wa kampuni yake, London and Globe, alikuwa Lord Dufferin, aliyewahi kuwa Makamu wa Mfalme India. Jina kubwa, na wenye akiba zao wakaliamini. Desemba 1900 kampuni ikaanguka. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakataa kumshtaki Wright, ikabidi waliopoteza fedha wafungue mashtaka wenyewe. Wakili wao alikuwa Rufus Isaacs.

Hila yenyewe ilikuwa hivi: siku ya kufunga hesabu ilipokaribia, hasara na madeni vilihamishiwa makampuni ndugu, yote chini ya Wright huyo huyo, ili wenye hisa waonyeshwe mizania safi. Nimeongoza chuo cha ualimu miaka mingi na kupokea taarifa nyingi za mweka hazina. Najua jinsi ukurasa uliopangwa vizuri unavyoweza kumfumba mtu macho. Isaacs hakufumbwa. Alimhoji Wright kwa upole, tarakimu baada ya tarakimu: hisa hizi zilikuwa wapi juzi, na deni hili nani alilibeba jana? Tarehe 26 Januari Wright alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Alikufa kwa sumu mle mle katika jengo la mahakama.

Isaacs alijifunza wapi mambo hayo? Kabla ya sheria alikuwa dalali katika Soko la Hisa la London. Mwaka 1884 alishindwa kulipa madeni yake, na adhabu ya soko ilikuwa ya hadharani: mtumishi aligonga kwa nyundo ya mbao, jina likatangazwa, na tangu hapo mtu hakuruhusiwa kufanya biashara humo. Hata hivyo, mwaka 1887 chama cha mawakili kilimpokea, naye baadaye akawalipa wadai wake.

Je, walifanya vyema kumpokea? Nami nimeketi katika vikao vya nidhamu ya walimu, na swali hili si jepesi. Kushindwa kulipa si kuiba. Wapo wanaovichanganya, na naona wanakosea. Kama wangemfungia mlango, sijui wenye akiba wale wangempata nani wa kuisoma mizania ile.

Mwaka 1913 Isaacs alikuwa Jaji Mkuu wa Uingereza. Mwaka 1921 akapelekwa India kuwa Makamu wa Mfalme, katika kiti alichowahi kukalia Lord Dufferin.