Geji ya Bedford na kahawa ya KNCU

Wadau, juzi Moshi nimemkuta fundi anasugua kifuniko cha geji ya joto ya Bedford kwa dawa ya meno. Ni plastiki, imeingia ukungu kwa jua. Nikacheka. Mzee mwenye lori hakucheka. Miaka ya 70 alishusha kahawa ya wanachama wa KNCU, ushirika ulioanza 1933, hadi kiwanda cha kukoboa mjini. Siku moja anapanda Marangu, geji haisomeki, injini ikachemka, hedi ikapasuka. (Kule juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100, mjue.) Hajamaliza deni la hedi, 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. KNCU ilirudi 1984. Lori lilishauzwa matairi.

Mshale ulipoonekana, mzee aliomba funguo.