Bastola ya Mpakani: Risasi Nene Ilivyokuja na Ilivyoondoka

Ukitaka kuona sheria za silaha za Kenya na Uganda zinavyoachana, tazama milango ya benki za Busia. Upande wa Uganda, mlinzi wa kampuni binafsi ana bunduki begani. Vuka uje huku, na mlinzi mwenzake mwenye sare inayofanana na ile ana rungu na kifaa cha kukagulia chuma. Bunduki iko kwa polisi aliyesimama kando yake. Malaba ni hivyo hivyo. Sheria ya Kenya ya kusimamia kampuni za ulinzi, ya mwaka 2016, haikumpa soja wa langoni silaha ya moto.

Ipo silaha nyingine ambayo mpita njia haioni: bastola iliyo kiunoni, chini ya shati lisilochomekwa. Kwetu Kenya huvaliwa na mpelelezi wa DCI, na mlinzi wa mheshimiwa, na mfanyabiashara aliyepata kibali. Na popote palipo na watu wanaovaa bastola kwa kazi, ubishi mkongwe kuliko yote ni unene wa risasi. Wapo wanaoapa kwamba risasi ya milimita 9 ni ya kumchokoza mtu tu, na kwamba wa kazi hubeba ya milimita 11 na ushei. Ubishi huo ulifika eneo hili kabla mpaka wenyewe haujachorwa, na waliokuwa wakibishana hawakuwa wenyeji.

Hadi tarehe 1 Aprili 1902, panapoitwa leo Busia na Malaba ya Kenya palikuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea mpaka Naivasha, kisha Waingereza wakauhamishia Himaya ya Afrika Mashariki. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1895, ofisa wa Kiingereza C.W. Hobley alikuwa amepiga kambi kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, akiwa na askari wa Kisudani, na mwaka huo huo Wabukusu wakapigwa huko Lumboka na Chetambe. Askari alibeba bunduki ndefu. Bastola ilikuwa ya ofisa wa Kizungu, silaha na alama ya cheo kwa pamoja.

Ofisa wa Kiingereza wa zama hizo alijinunulia bastola kwa pesa yake. Angeweza kuchagua kiwanda, urefu wa mtutu na mpini wa kumpendeza, mradi bastola hiyo imeze risasi za serikali, za inchi .455, karibu milimita 11 na nusu. Kwa hiyo Webley ndiyo iliyoenea. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 17 hivi, zaidi ya mara mbili ya risasi ya kawaida ya milimita 9 tuijuayo leo.

Nene hivyo kwa nini? Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye mkuki au upanga, aliyeamua kufa na anakuja mbio, ni lazima aangushwe kabla hajamfikia mpigaji. Tundu dogo mwilini halitamzuia. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walitengeneza hata risasi ya Webley yenye shimo mdomoni, ipasuke na kutanuka ikiingia mwilini. Mkutano wa The Hague wa 1899 ukapiga marufuku vitani risasi za namna hiyo, ikaondolewa. Wamarekani nao, wakipigana na Wamoro huko Ufilipino, walilalamika kwamba bastola zao za .38 haziangushi mtu. Mwaka 1904 John T. Thompson na daktari wa jeshi Louis LaGarde wakaenda kwenye machinjio ya Chicago, wakafyatulia risasi ng'ombe walio hai, na maiti za watu pia, halafu wakapendekeza unene usipungue .45. Ng'ombe hao, ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote, ndio waliofungua njia kwa bastola ya John Browning iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1911 na inayosifiwa hadi leo kama mfalme wa risasi nene.

Mimi siwezi kusoma sifa hizo bila kumkumbuka aliyekuwa mbele ya mtutu. Nadharia nzima ya risasi inayoangusha ilijengwa juu ya mtu wa Mindanao ya Ufilipino, wa mipaka ya India, wa Chetambe, na ilijengwa na watu walioogopa kufikiwa na mkuki.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wenyewe waliichoka risasi nene. Webley kubwa ilikuwa na zaidi ya kilo moja, na ilimpiga teke askari mgeni kiasi kwamba alifumba macho kabla hajafyatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakachukua Enfield ya .38, yenye uzito wa karibu robo tatu ya ile ya kwanza, yenye risasi ya gramu 13. Walidai inaangusha sawasawa na .455. Sidhani walijali sana kama ni kweli. Walichotaka ni bastola ambayo mtu asiye na mazoezi mengi anaweza kulenga nayo. Hoja hiyo ya mazoezi haikusikika tena kwa muda mrefu, nami nitairudia chini.

Unene wa .38 ndio ulioingia katika historia ya Kenya kwa wino mweusi kuliko wowote. Dedan Kimathi wa Mau Mau alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililompeleka kwenye kitanzi, Februari 1957, lilikuwa la kupatikana na bastola ya Webley Scott ya .38 na risasi sita. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, bastola hiyo moja ilitosha kumwua mtu. Sheria ya Bunduki inayotawala vibali vya raia hadi leo, Sura ya 114, ni ya mwaka 1954, miaka ile ile. Imerekebishwa mara nyingi, na mwaka 2014 ikaundiwa Bodi ya Leseni za Bunduki, lakini woga ulioizaa bado unasikika ndani yake: bastola ni ya mtu aliyeaminiwa na serikali.

Uhuru ulipokuja, bastola ilirudi nyuma kidogo. Mpakani silaha ya kutisha ilikuwa bunduki ndefu: kwanza .303 za Kiingereza, baadaye G3 ya Kijerumani, zaidi ya kilo nne begani kwa zamu nzima. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Mwaka 1979 utawala wake ulipoanguka, ghala za silaha za Uganda zilivunjwa, ya Moroto ikiwa maarufu kuliko zote, na AK zikatawanyika. Desemba 1987 polisi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda, wa NRA, walifyatuliana risasi Busia, mpaka ukafungwa, na Moi na Museveni wakakutana Malaba kabla ya mwaka kwisha ili kutuliza mambo. Katika hayo yote bastola haikuamua lolote.

Ilikuwa na kazi nyingine, nayo ilizidi kadiri biashara ya mpakani ilivyokua. Mpelelezi anayemfuatilia mtu wa magendo kwenye njia za panya hawezi kutembea na G3 katikati ya boda boda na wauza nyanya. Anahitaji kitu kinachokaa ndani ya nguo. Vikosi vya Kenya vilijua Browning ya Ubelgiji ya mwaka 1935, ya milimita 9 na risasi 13. Zikaja Ceska kutoka kwa Wacheki na Jericho kutoka Israeli, majina ambayo msomaji wa magazeti yetu huyakuta kila polisi akinyang'anywa silaha.

Jericho ina kisa chake. Jina lake kamili ni Jericho 941, na tarakimu hizo ni ubishi wetu ule ule uliochongwa kwenye chuma. Ilipotoka mwaka 1990 iliuzwa na mitutu miwili, mmoja wa milimita 9, mwingine wa .41, risasi nene zaidi iliyotarajiwa kuteka soko la polisi. Mnunuzi angebadilisha kwa dakika chache. Risasi ya .41 ikafa karibu mara tu ilipozaliwa, kwa kuwa viwanda vya kuitengeneza vilikuwa vichache na hakuna serikali inayonunua bastola itakayokaa njaa. Kwetu, bastola yenye jina la unene wa namna mbili hula wa namna moja.

Kenya iliamua kwa njia hiyo pia. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha risasi cha serikali kilianza kazi Eldoret, kwenye barabara ile ile ya malori inayoishia Malaba, na miongoni mwa risasi zake ni ya milimita 9. Tangu hapo anayependekeza .45 kwa polisi wa Kenya anapendekeza kuagiza kila risasi kutoka ng'ambo, ya kazi na ya mazoezi. Ofisa wa mwaka 1895 alichagua mpini, serikali ikachagua risasi. Mpelelezi wa leo hachagui hata mpini. Hupokea na kutia sahihi kwenye daftari la ghala.

Je, amepunjwa? Hapa Wamarekani wametusaidia kwa gharama yao. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI walipambana na wezi wawili wa benki. Maofisa wawili wakauawa na watano wakajeruhiwa. Lawama ikaangukia risasi ya milimita 9, iliyompata mmoja wa wezi hao mapema lakini haikufika moyoni. FBI wakahamia milimita 10, wakakuta maofisa wengi hawaimudu, wakaipunguza ikawa .40, na polisi wengi wa Marekani wakawafuata. Mwaka 2014 wataalamu wao wa mafunzo walieleza kwa maandishi kwamba risasi ya milimita 9 ya kisasa hufanya kazi sawa na hizo nene, huku mpigaji akilenga vizuri zaidi, haraka zaidi, na akiwa na risasi nyingi zaidi. Wakarudi walikotoka. Karibu miaka 30 ya kuzunguka, na polisi wa Busia hakuwa amesogea hata hatua moja, kwa sababu ya bajeti.

Tena Ceska ya chuma iliyo tupu ina uzito unaokaribiana na wa Webley ile kubwa, kilo moja na kidogo. Tofauti ni kwamba Webley ilibeba risasi sita na Ceska hubeba 15 au zaidi. Anayeivaa mpakani atakuambia kero zake ni nyingine kabisa: jasho linalotia chuma kutu, ala inayochubua nyonga juu ya kiti cha pikipiki, na watu. Watu ndio tatizo kubwa la Busia. Nyuma ya kila mtu unayeweza kumlenga kuna foleni ya wasafiri, mama wa mahindi, dereva aliyelala chini ya lori. Risasi inayokosa au inayopenya itampata mtu. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamruhusu ofisa kufyatua pale tu njia nyepesi zaidi zimeshindwa, na kwa makusudi maalum kama kulinda uhai, na sharti hilo halina la kusema kuhusu milimita.

Mjadala wa kumpa bunduki soja wa langoni umekuwa ukirudi tangu mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Riverside mwaka 2019. Wanaoutaka hutaja aina ya silaha, wengine hutaja benki za ng'ambo ya mpaka kama ushahidi. Hoja ile ya Waingereza wa miaka ya 1930, ya mtu asiye na mazoezi, haitajwi. Mlinzi wa usiku Malaba hulipwa mshahara mdogo. Kabla hajakabidhiwa mtutu wa unene wowote, kampuni yake na ieleze hadharani ni nani atakayelipia risasi zake za shabaha, na uwanja wa kuzipigia uko wapi.