Kumwandaa Mgonjwa Kabla ya Kisu: Kutoka Bunyoro hadi Rutshuru

Katika nchi za Maziwa Makuu, kumwandaa mgonjwa wa upasuaji ni kazi iliyozitangulia hospitali. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda ya leo, mganga Mwingereza Robert Felkin alimwona mama kijana akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Kabla ya kisu mama alinyweshwa pombe ya ndizi, ambayo watu wa Kivu, mashariki ya Kongo, huiita kasiksi, mpaka akawa nusu mlevi. Akafungwa kitandani kwa vitambaa vya magome ya mti, kimoja kifuani na kingine mapajani. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo, akaliosha nayo tumbo, kisha akasuuza kwa maji. Felkin alichapisha habari hizo Edinburgh mwaka 1884, na kwa maelezo yake jeraha lilipona katika siku 11.

Wapasuaji wale wa Bunyoro walishughulikia maumivu, usafi na utulivu wa mwili, na walistahili heshima kubwa kuliko waliyopewa. Kilichokosekana ni njia ya kujua hali ya ndani. Makundi ya damu yalitambuliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901. Mwaka 1941 Meyer Saklad na wenzake Marekani walipanga madaraja ya hali ya mgonjwa kabla ya nusukaputi, na mwaka 1946 Curtis Mendelson alieleza jinsi chakula cha tumboni kinavyoingia mapafuni mwa mzazi aliyelazwa usingizi. Hapo ndipo amri ya kufunga kula ilipopata nguvu.

Amri hiyo ina ugumu wake Kivu. Mara nyingi ndugu ndio wanaompikia mgonjwa, na kumnyima bugali na sombe mtu anayekwenda kupasuliwa huonekana kama kumpunguzia nguvu. Kwa hiyo muuguzi hana budi kuzungumza na mpishi pia: chakula kikome saa sita kabla ya kupasuliwa, maji saa mbili kabla. Lazima aulize vilevile juu ya dawa za mitishamba, swali ambalo wengi hulijibu kwa aibu wakiulizwa kwa ukali.

Hospitali kuu ya Rutshuru, kilomita 70 hivi kaskazini ya Goma, ilianza kusaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2005. Mji wenyewe ulitekwa na waasi mwaka 2008, 2012 na 2022. Majeruhi wa risasi hawezi kusubiri saa sita. Tumbo lake huhesabiwa kuwa limejaa. Hupimwa mapigo ya moyo, shinikizo na kundi la damu huku akiongezewa maji mshipani. Ketamini hupendwa katika hali hii kwa kuwa kwa kawaida haizimi pumzi wala kushusha sana shinikizo.

Kwa mama mwenye fistula ya uzazi, kama wale wanaotibiwa katika hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, haraka ndiyo hatari. Nyama iliyovimba lazima ipoe, upungufu wa damu utibiwe, lishe irudi. Kazi ya wiki nyingi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, iliyojaribiwa katika hospitali nane, moja ikiwa Ifakara, Tanzania. Vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kabla ya usingizi timu husimama na kuthibitisha jina, mahali pa kupasua, ridhaa, mzio, njia ya hewa, na kama njia za mishipani na maji ya kutosha vimeandaliwa endapo mtu mzima yumo hatarini kupoteza zaidi ya nusu lita ya damu.