Kumtunza Mzazi Mzee Mwenye Kisukari: Mfungo, Komunyo na Chakula cha Asubuhi

Katika parokia zetu wapo wazee wanaoamka alfajiri, wakameza vidonge vya kisukari au kudungwa insulini, kisha wakaenda Misa ya kwanza bila kula chochote. Wanaamini kwamba ndivyo anavyostahili kupokelewa Bwana. Tunawaandikia watoto na wajukuu wao, kwa maana desturi hiyo, ingawa imetoka katika moyo wa ibada, yaweza kumwangusha mzee kanisani.

Kanisa linafundisha nini?
Wazee wetu walifundishwa, au walirithi kwa wazazi wao, mfungo wa tangu usiku wa manane. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliupunguza kuwa wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa haviuvunji. Tena Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Nayo Kanuni ya 1252 haimwajibishi kufunga, hata Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mtu aliyetimiza miaka 59.

Hatari iko wapi?
Insulini na baadhi ya vidonge, hasa glibenklamidi, hushusha sukari hata kama mtu hajala. Figo za mzee zikidhoofika, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzazi wenu akiitumia, mwulizeni daktari kuhusu dawa nyingine, wala msimwachishe kwa uamuzi wenu.

Dalili na huduma ya kwanza
Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo cha milimoli, mtu hutoka jasho, hutetemeka na kuona njaa. Lakini kwa mzee huenda ikaonekana tu kama kuchanganyikiwa, ukali usio wa kawaida au usingizi, nasi tukasema ni uzee. Mpeni mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15 mpimeni tena. Ikiwa bado iko chini, rudieni. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani; mpelekeni hospitali upesi.

Kila siku nyumbani
Ale kwa saa zilezile, na dawa ziendane na chakula. Andikeni vipimo katika daftari la kupeleka kliniki. Kagueni nyayo zake kila jioni, kwa kuwa ganzi huficha vidonda. Aendapo Misa, awe na sukari au peremende mfukoni, na aketi karibu na mtu anayejua hali yake.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, anatuagiza kumsaidia mzazi katika uzee wake na kumvumilia hata akili zake zikipungua. Basi mzee akikataa kula kabla ya Misa, msigombane naye. Mwombeni paroko amweleze mwenyewe. Mara nyingi neno la padre humpa amani ambayo sisi wanawe hatuwezi kumpa. Naye asiyeweza tena kufika kanisani, mwandikisheni parokiani apelekewe Komunyo nyumbani.