Saa Saba Si ya Kupika

Kuna mama anayepika karibu na mjengo mmoja huku kwetu Eastlands. Asubuhi kibanda chake kimetulia, watu wawili watatu na chai yao. Halafu saa saba kamili mafundi wanashuka wote kwa mpigo, zaidi ya mia, kila mtu na njaa yake na haraka yake. Siku moja nilimuuliza anawezaje. Akanicheka. "Saa saba si ya kupika, kijana wangu. Saa saba ni ya kupakua."

Kuna kampuni iliyojifunza somo hilo kwa aibu, dunia nzima ikitazama.

Rudi nyuma hadi 2 Julai 2010, Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Siku hiyo Kenya yote ilikuwa Ghana. Mwisho kabisa wa muda wa nyongeza Luis Suárez wa Uruguay akazuia mpira kwa mkono pale mstarini. Penalti. Asamoah Gyan akapiga, ukagonga mwamba. Nakumbuka kimya cha ile video hall kuliko kelele zake. Sasa fikiria sekunde hiyohiyo watu wa Accra, Lagos, Nairobi na Montevideo, kila mmoja simu mkononi, wote wanataka kusema kitu kwa pamoja.

Wakati huo Twitter ilikuwa inapokea kama twiti 750 kwa sekunde siku ya kawaida. Japan ilipoifunga Denmark tarehe 24 Juni, zilifika 3,283 kwa sekunde. Zaidi ya mara nne, ghafla. Hapo ndipo watu wengi hukosea wanapofikiria mafuriko ya mtandaoni. Shida si wingi wa watu kwa siku nzima. Shida ni watu kufika sekunde moja. Bao halipangi foleni.

Na mtandao ulikuwa unaanguka. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba Juni hiyo ilikuwa mbaya kuliko mwezi wowote tangu Oktoba iliyotangulia. Ukiingia, badala ya twiti unakutana na nyangumi mweupe anayebebwa na ndege wadogo kwa kamba. Mchoro huo ulikuwa wa msanii Yiying Lu, na hakuuchora kwa ajili ya Twitter hata kidogo. Watu waliuona mara nyingi mpaka wakaupenda.

Lakini ngoja kidogo. Kombe la Dunia si ajali. Ratiba yake inajulikana mapema, saa na uwanja. Wahandisi walijua linakuja, na usiku wakakesha wakiongeza nguvu hapa, wakiziba pale. Mbona bado likawashinda?

Kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye msingi. Karibu kila kitu kilikuwa programu moja kubwa iliyoandikwa kwa Ruby: kuingia, kuandika, kusoma, vyote chungu kimoja. Sehemu moja ikiungua, harufu inafika kote. Tena twiti zilihifadhiwa kwa mpangilio wa tarehe. Twiti mpya zote ziliandikwa kwenye hifadhidata moja mpaka ijae, ndipo wahamie nyingine. Ni kama ofisi yenye madaftari mia, lakini leo kila mtu lazima aandike kwenye daftari moja la leo. Siku ya kawaida utavumilia. Bao likiingia, watu mia wanang'ang'ania kalamu moja. Hapo hata ukinunua mashine mia zaidi, umeongeza tu madaftari yasiyoandikwa.

Kwa hiyo waliamua kujenga upya huku nyumba ina wapangaji. Ile programu moja ikagawanywa kuwa huduma ndogondogo, ili moja ikizama isivute zingine. Wakahamia mazingira ya Java na Scala, na mashine moja iliyokuwa inahudumia maombi 200 hadi 300 kwa sekunde ikaanza kuhudumia 10,000 hadi 20,000. Twiti zikasambazwa kwenye mashine nyingi, na kila twiti ikapewa namba yake bila kusubiri kituo kimoja kihesabu. Kile utakachosoma ukifungua ukurasa wako kikaandaliwa kabla hujafungua. Huyo ni mama yetu na sahani zake zilizopangwa saa sita na nusu.

Halafu wakaweka swichi. Hili ndilo linalonigusa zaidi. Mzigo ukizidi, mhandisi anaweza kuzima vitu vizito visivyo vya lazima ili kile cha msingi kibaki. Mama naye anafanya hivyo: saa saba mpaka saa nane usimuulize chapo, ni ugali na madondo tu. Hakuna anayelala njaa. Kujiandaa ni kuamua mapema, akili ikiwa imetulia, ni nini utakubali kukosa.

Mtihani ulikuja Agosti 2013. Runinga ya Japan ilionyesha tena Castle in the Sky, filamu ya Hayao Miyazaki ya 1986. Mashabiki wana desturi yao: wahusika wakitamka lile neno la kubomoa kasri, nao wanalituma sekunde hiyohiyo. Zikaingia twiti 143,199 kwa sekunde moja, wakati wastani ulikuwa kama 5,700. Hakuna aliyeona nyangumi.

Oktoba 2022 Elon Musk akainunua kampuni, na wiki moja baadaye karibu nusu ya wafanyakazi, waliokuwa kama 7,500, wakafutwa. Kombe la Dunia la Qatar lilikuwa linaanza 20 Novemba. Watu wakaanza kuagana mtandaoni, eti itaanguka mechi ya kwanza. Haikuanguka. Wengine wakasema, si mnaona, hao walikuwa wanakula mshahara wa bure. Mimi nasoma kinyume. Ilisimama juu ya kazi ya watu waliokuwa wameshaonyeshwa mlango. Chungu hubaki na moto hata mpishi akiondoka. Swali ni kwa muda gani.

Mei 2023 Ron DeSantis akaamua kutangaza azma yake ya urais wa Marekani kwenye Space, mazungumzo ya sauti ya moja kwa moja. Watu mamia ya maelfu wakafika, sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Zaidi ya dakika 20 zikapotea. Muda wa kuanza walikuwa wameutangaza wenyewe.

Hili si umbea wa matajiri wa mbali. Juni 2024 vijana wa Kenya walitumia mtandao huohuo kupanga maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, na 5 Julai Rais William Ruto mwenyewe akaingia kwenye Space kuzungumza nao. Baraza letu sasa liko jikoni kwa mtu mwingine, na hatujui nani anachochea moto.

Wiki jana nilimkuta mama anamfundisha msichana mgeni kazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, kibanda kitupu. Walikuwa wanahesabu sahani.