Galaksi za mbali: mwangaza wa zamani unaotufikia leo

Mtu anayeangalia mbinguni usiku hapa Bunia haoni mbingu ya leo. Mwangaza unakimbia kilomita 300 000 kwa sekunde, lakini safari ni ndefu. Ule wa jua unatumia dakika 8 hivi kufika. Ule wa galaksi ya Andromeda, inayoonekana kwa macho kama kawingu kadogo upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili, saa mbili za usiku kama umeme umekatika na mbingu iko safi, umetumia miaka milioni 2,5. Ndiyo kusema, kuangalia mbali ni kuangalia zamani.

Sasa, galaksi za kwanza zinaonekana namna gani?

Mwangaza wao umesafiri zaidi ya miaka miliari 13. Ulimwengu unapanuka, na mwangaza nao unavutwa njiani mpaka unapita rangi nyekundu. Jicho haliuoni tena. Unakuwa mwali wa joto, kama ule mkono unausikia karibu na mbabula ya makala. Joto la dunia na hewa yake vinaufunika.

Ndiyo sababu darubini James Webb ilipelekwa kilomita milioni 1,5 toka hapa, kwenye baridi kali, na kioo cha metre 6,5 kilichopakwa zahabu. Iliruka siku ya Noeli 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, saa nane na dakika 20 za mchana kwa saa ya Bunia. Kituo cha Malindi, inchini Kenya, kilikuwa kati ya vile vilivyoifuatilia mwanzoni. Malindi si mgeni kwa kazi hii: satelaiti Uhuru ilirushwa karibu na pwani yake tarehe 12 Desemba 1970.

Webb imeona nini?

Mwaka 2024 ilitangazwa galaksi JADES-GS-z14-0. Tunaiona vile ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka milioni 300 hivi, kwa miaka miliari 13,8 ya leo. Mwaka 2025, mitambo ya ALMA kule Chile ilikuta ndani yake oksijeni. Oksijeni inapikwa ndani ya nyota, inasambaa nyota ikikufa. Basi kizazi kimoja cha nyota kilikuwa kimekwisha kuzaliwa na kufa, mapema kuliko wataalamu walivyofikiri. Bado wanabishana juu ya sababu.

Oksijeni tunayopumua hapa Ituri, nayo ilipikwa vilevile.