Vya kutazama kwenye njia ya Uvira, Baraka na Fizi

Barabara ya Taifa namba 5 ya Kongo, yaani RN5, hutoka Uvira kuelekea kusini ikiwa imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Baada ya kilomita 90 hivi hufika Baraka. Hapo huliacha ziwa na kupanda vilima hadi Fizi, makao makuu ya teritwari yenye ukubwa wa kilomita za mraba 15,788, kisha hushika njia ya bara kuelekea Kalemie. Kinachomsimamisha msafiri humo ni barieri, tope la masika au mto uliokula daraja. Vya kutazama vipo, ila havikuwekwa pale kwa ajili ya mpita njia.

Kwingineko kumsimamisha mpita njia ni biashara. Mwaka 1964, katika jangwa la California nchini Marekani, Claude Bell alianza kumjenga dinosaria wa saruji mwenye urefu wa mita 46 huko Cabazon, ili wenye magari wasimame na kula kwenye mkahawa wake. Miaka 10 baadaye wasanii wa kundi la Ant Farm walifukia magari 10 ya Cadillac, pua chini mkia juu, katika shamba nje ya Amarillo, Texas, na watu wanaendelea kwenda kuyapaka rangi. Mambo hayo yanataka lami, magari mengi na mtu mwenye pesa za kuchezea.

Vya RN5 viliachwa na watu waliokuwa na shughuli zao nyingine, na wengi wao waliingia kwa maji. Kabla ya magari, njia kuu ya huku ilikuwa ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilomita 673. Ndiyo maana historia ya Baraka na Fizi husomeka vizuri zaidi mtu akiwa ameligeukia ziwa.

Makobola, mahali pa kwanza pa kutajwa baada ya Uvira, pana historia ya nchi kavu. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za mwanzo za Januari 1999, askari wa kundi la waasi la RCD na washirika wao waliua raia hapo na katika vijiji vya jirani, baada ya shambulio la wanamgambo wa Mai-Mai. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja waliouawa kuwa zaidi ya 800. Kila mwisho wa mwaka wenyeji huwakumbuka marehemu wao.

Mbele yake ni Mboko, na michikichi inayoandamana na ufuko, kisha Lusenda, ambako kambi ya Warundi waliokimbia machafuko ya 2015 imekuwa kama mji wa pili wa eneo hilo.

Baraka imekaa kwenye Ghuba ya Burton, na ng’ambo ya ghuba msafiri huona rasi ndefu ya Ubwari. Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walivuka kwa mitumbwi kutoka upande wa mashariki, wakapitia Ubwari na kufika Uvira, wakitafuta kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani. Uvira waliambiwa na wenyeji kwamba mto huo unaingia, na tumaini la Burton kwamba ndio chanzo cha Nile likafifia. Ubwari yenyewe waliiandika kuwa kisiwa. Kwa mtu anayetokea mashariki kosa hilo linaeleweka, maana maji ya ghuba huonekana kama mlango wa bahari. Ramani ilirekebishwa baada ya Henry Morton Stanley kulizunguka ziwa lote mwaka 1876 kwa mashua yake, Lady Alice.

Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, nao walikuja kwa mashua. Mwaka 1883 walianzisha misheni Kibanga, kwenye ghuba hiyohiyo, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie. Watu waliokombolewa utumwani walikaa hapo, wakati wafanyabiashara wa Ujiji, chini ya Rumaliza, walikuwa na nguvu pande zote za kaskazini ya ziwa. Misheni haikudumu.

Parokia za Baraka na Fizi zina kumbukumbu ya karibu zaidi. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin, Waitaliano wa shirika la Waksaveri, waliuawa Baraka. Siku hiyohiyo padri Giovanni Didonè na padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Joubert alikuwa mzaliwa wa pwani ya ziwa hili upande wa Moba, mtoto wa kapteni Mfaransa aliyepigana na wafanyabiashara ya watumwa na wa mama Mkongo. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na Kardinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza ibada. Tangu hapo njia ya Baraka hadi Fizi imepata sababu ya kuwa njia ya hija, jambo ambalo hakuna mfanyabiashara angeweza kulibuni.

Kijiji cha Kibamba hakipo barabarani. Kiko ufukoni kusini zaidi, chini ya milima mikali, na RN5 huko imeshaingia bara. Usiku wa kuamkia 24 Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alishuka hapo akitokea Kigoma, pamoja na Wakuba wachache wa kwanza, akitumia jina la Tatu. Walikuja kuwasaidia waasi haohao wa Simba, waliokuwa na Laurent-Désiré Kabila miongoni mwa viongozi wao, lakini Kabila mwenyewe alionekana mstari wa mbele kwa siku chache tu. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare, waliopigana upande wa serikali, walishuka Baraka kwa boti, na Oktoba wakaichukua Fizi. Tarehe 21 Novemba Wakuba walivuka kurudi Tanzania.

Kabila hakuliacha eneo. Mwaka 1967 aliunda chama cha PRP, na ngome yake ikawa Hewa Bora, katika milima ya Fizi. Mei 1975 watu wake walivuka ziwa hadi Gombe, upande wa Tanzania, kwenye kituo cha Jane Goodall cha kuchunguza sokwe, wakateka Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja na kuwaleta ng’ambo hii. Wote waliachiliwa ndani ya miezi michache. Mei 1997 Kabila akawa rais wa nchi. Anayetaka kuona pwani alikoanzia hana budi kuacha gari Baraka na kutafuta boti.